Flashi kwenye Ruta: Lawama Isiyo Haki

Mwalimu wa Nambambo, wilayani Nachingwea, huenda akachomeka flashi kwenye ruta ili darasa zima lisome vitabu vilivyomo. Faili zikikawia, hulaumiwa kampuni ya simu, na fedha za shule zikanunua bando kubwa zaidi. Hasara tupu! Faili hizo hazipiti katika intaneti; husafiri chumbani humo humo.

Ruta ni kompyuta ndogo yenye kichakata dhaifu. Kasha lake likitaja megabiti 300 kwa sekunde, mwanafunzi na agawe kwa 8: ni megabaiti 37.5 tu, tena za nadharia. Simu za darasani hupokezana zamu katika masafa yale yale, na kichakata hicho kimoja husoma flashi huku kikirusha mawimbi. Aidha, faili ndogo 1,000 hukawia kuliko moja kubwa ya ujazo uleule, kwani kila moja huandikishwa peke yake, kama magunia ya korosho mzanini.

Heri diski ichomekwe kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini, nayo iunganishwe na ruta kwa waya. Faili ndogo zifungwe kwanza kuwa moja.