Bawabu wa Diski Asilaumiwe

Wako wenzetu wanaonung'unika kwamba kompyuta inawaonea inapokataa kuandika katika diski iliyopachikwa kwa kusoma tu. Husema, "Faili ni langu, na ruhusa ya kuandika ninayo; mbona nakatazwa?" Mimi sikubaliani nao, na naomba wasomaji wanisikilize kidogo.

Kwanza, yatupasa kutenganisha mambo mawili. Ruhusa ya faili yamhusu mtu: huyu aandike, yule asome tu. Amri ya kusoma tu yahusu mahali penyewe. Ni kama maktaba wakati wa kuhesabu vitabu: kadi yako ni halali, lakini leo haviazimwi. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haina budi kuyatazama yote mawili. Katika Linux hata msimamizi mkuu, ambaye ruhusa za faili hazimzuii, hukataliwa hapa. Akitaka kuandika, lazima kwanza aibadili amri yenyewe waziwazi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Pili, kuuliza mara moja mlangoni hakutoshi. Tuseme programu imeuliza, ikaambiwa kwamba njia i wazi. Kabla haijaandika, msimamizi anaifanya diski iwe ya kusoma tu. Programu ile ikiendelea, itaandika mahali palipokwisha kukatazwa. Ndiyo maana toleo la 2.6.26 la Linux, la mwaka 2008, lilileta desturi ya kuhesabu waandishi. Kila aingiaye kuandika huhesabiwa, na amalizapo huondolewa katika hesabu. Maadamu yumo hata mmoja, ombi la kufunga hukataliwa. Huo ndio ulinzi wa kweli: ruhusa iliyotolewa hushikwa mpaka kazi iishe.

Je, huu ni usumbufu wa bure? Hasha! Mfumo wa faili uitwao ext4 waweza kuamriwa ujigeuze wa kusoma tu mara uonapo kosa ndani yake. Anayelazimisha kuandika juu ya kosa hilo aweza kuharibu hata yale yaliyo mazima, na kazi ya muhula mzima ikapotea kwa dakika moja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukataliwapo kuandika, tusimlaumu bawabu wala tusitafute dirisha la kupenya. Tunakili kwanza kazi zetu mahali pengine, maana kusoma hatukukatazwa. Kisha tuulize kwa nini mlango umefungwa.