KAMYO YA JESHI ILIYOKUFA: TUIKATE AO TUIFUFUE?



Kati yetu kuna mabishano ambayo hayaishi. Neno ni hili: kamyo ya zamani ya jeshi ikiachwa kandokando ya barabara miaka na miaka, mpaka majani yanaota ndani ya kabine, tuifanye nini? Wengine wanasema: «Ikatwe, iuzwe kilo kwa kilo, tugawanye franka.» Wengine wanasema: «Leteni baterie na mazutu, tuisukume, itawaka tu.» Mimi sikubali wale wa kwanza, na wale wa pili siwakubali pia. Sababu zangu ni hizi.

Tusizarau chuma ya zamani. Kamyo za jeshi zilitengenezwa juu ya njia mbaya, sawa hizi zetu za Masisi na Walikale. Wakati wa vita kuu ya pili Waamerika walitengeneza kamyo za GMC zenye magurudumu yote kuvuta, zaidi ya 500,000. Moteri yake ya silinda 6 ilikuwa na nguvu za farasi karibu 100 tu. Magari mengi madogo ya leo yanaipita. Lakini ndani ya matope mbio haisaidii kitu. Kinachosaidia ni magurudumu yote kuvuta pamoja, na vitesi ya polepole. Wababu zetu waliijua kazi ya kamyo za namna hiyo: mwaka 1943 sehemu ya askari wa Force Publique walitoka Nigeria mpaka Misri kwa kamyo, wakipita Chad na Sudan.

Mtu ataniuliza: kitu kilichokufa kabisa kinaweza kurudia kazi? Aangalie Liemba, meli ya ziwa Tanganyika. Wajerumani waliishusha majini Kigoma mwaka 1915, wakaitumia vitani. Waliiita Graf von Götzen, jina la yule Mjerumani aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894. Mwezi wa saba 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Ililala chini ya maji miaka mingi. Waingereza waliitoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kutembea tena na jina jipya. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma. Chombo cha vita kikawa chombo cha kurudisha watu kwao!

Lakini msisahau neno moja: kabla ya kuizamisha, Wajerumani walipaka mashine zake grese nzito. Ndiyo iliyozuia kutu. Kwetu huku nani alipaka grese kamyo siku ya kukimbia? Iliachwa milango wazi, mvua ikaingia. Kwa hiyo mwenye kuifufua asianze na ufunguo wa kuwasha. Nafikiri aanze hivi:

La kwanza, watu na karatasi. Kamyo ya jeshi ina mwenyewe, hata kama imeota uyoga. Bila barua yenye muhuri kutoka kwa wakubwa wanaohusika, utatengeneza miezi 6, na siku itakapowaka watakuja kukunyang'anya, ao kukufunga. Muulizeni pia mwenye shamba mahali inapolala.

La pili, mabomu. Hapa sichezi. Katika inchi yetu vita vimepita mara nyingi, na gari la jeshi linaweza kuacha risasi ao grenadi chini ya viti, ndani ya sanduku, hata ndani ya majani pembeni. Mtoto asipande humo kuchezea usukani. Mkiona kitu msichokijua, msikiguse, msikitupie jiwe. Wekeni alama mbali, kisha waiteni wafundi wa kuondoa mabomu. Bila wao kusema ndiyo, hakuna kazi.

La tatu, daftari. Kabla ya kufungua bulo hata moja, andikeni kila kitu: kilichopo, kilichovunjika, kilichoibiwa. Tafuteni bamba lenye namba ya shasi, juu fundi bila namba hiyo atanunua piesi ya gari lingine. Halafu ingieni chini na nyundo ndogo, mpige shasi taratibu, zaidi mahali spring zinaposhikilia. Chuma nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Kama shasi imekwisha, tuwe wanaume na wanawake wa kweli: hiyo tutoe piesi, tusiifufue.

La ine, freni mbele ya moteri. Vijana wengi wanapenda kusikia moshi na kelele. Lakini usiamshe kitu usichoweza kusimamisha. Mipira ya freni ya zamani inapasuka, na milima yetu mnaijua. Tena pine: janti nyingi za kamyo hizo ni za vipande viwili ao vitatu. Ukifungua na upepo ungali ndani, kile chuma kinaruka na kuua mtu. Toeni upepo wote kwanza.

La tano, moteri. Isilazimishwe. Mwaga mafuta ya zamani. Yakiwa meupe sawa maziwa, maji yaliingia. Toa buji ao enjekta, tia mafuta mepesi ndani ya silinda, ngoja siku kadhaa, kisha zungusha kwa mkono, polepole. Wanaovuta moteri iliyoshikana kwa kamba nyuma ya gari lingine wanavunja kwa saa moja kile ambacho subira ingeokoa.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa: rangi. Kamyo ya rangi ya majani, hata ikibeba maharagi na mihogo, machoni pa mtu mwenye bunduki ni ya askari. Shofere atakufa bure. Tena mama aliyekimbia vita atakimbia tena akiiona. Ipakwe nyeupe ao bluu, alama zote za jeshi zifutwe, kabla ya kukanyaga barabara.

Najua mtasema: franka iko wapi? Ni kweli, piesi ni bei, na moteri ya esansi ya zamani inakunywa sana. Lakini siku za kwanza hazidai franka nyingi. Daftari, nyundo, barua, mafuta kidogo, na mzee fundi anayekubali kutufundisha. Anayekata chuma anakula mara moja. Anayejifunza kazi anakula siku zote, hata kama kamyo yenyewe itakataa kutembea.

Tena fikirini: maharagi yanaoza Nyabiondo, na Goma wanayanunua bei kali. Mgonjwa anabebwa kwa kipoyi juu gari hakuna. Kamyo moja iliyoleta vita ikileta sasa chumvi na dawa, hiyo ni faida isiyopimwa kwa kilo.

Hayo ni mawazo yangu. Aliye na yake ayaandike, tutayasoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano