Kiti mwendo cha umeme: Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama

Familia nyingi zenye mtu asiyeweza kutembea hulipa gharama isiyoandikwa katika daftari lolote, nayo ni nguvu kazi ya yule anayesukuma kiti. Mama anayempeleka mwanawe gengeni asubuhi na kumrudisha jioni hupoteza saa za palizi. Kijana anayemsukuma baba yake kila siku hawezi kushika kibarua kingine. Kwa hesabu hiyo, kiti mwendo cha umeme kinastahili kujadiliwa kama mtaji na si kama sadaka.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 80 duniani wanahitaji viti mwendo, lakini wanaovipata ni kati ya asilimia 5 na 35 tu, kutegemea nchi. Pengo hilo huzifanya familia zipokee au zinunue kiti chochote kinachojitokeza. Hapo ndipo hasara huanzia.

Wakulima wana mfano wa karibu. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, halmashauri zilisambaza pawatila kwa wingi. Zilifanya kazi vizuri kwenye majaruba ya mpunga, lakini kwenye udongo mgumu na mahali pasipo na vipuri, baadhi ziliishia kuegeshwa. Kiti cha umeme nacho ni mashine. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi aulize kitatembea kwenye ardhi gani na nani atakitengeneza.

Swali la kwanza ni betri. Viti vingi hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Umeme wenyewe si mzigo mkubwa. Betri za ampea-saa 50 hubeba takriban uniti 1.2, hivyo hata ukijumlisha unaopotea wakati wa kuchaji, mtu hatumii zaidi ya uniti mbili kuzijaza kutoka tupu. Gharama kubwa ni kununua betri mpya. Kama jozi inatarajiwa kudumu miezi 18, mwenye kiti aweke kando kila mwezi sehemu moja ya 18 ya bei yake. Asiyeweka akiba hiyo atakuwa na kiti kwa mwaka mmoja na nusu, kisha atabaki na chuma.

Aidha, betri ya gari haifai. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, na hufa mapema ikimalizwa chaji mara kwa mara. Inayotakiwa ni ile inayostahimili kutumika kwa saa nyingi, jambo ambalo wenye sola wanalielewa. Betri za risasi zisiachwe bila chaji kwa wiki kadhaa, hata kama kiti hakitumiki. Za lithiamu ni nyepesi na hudumu zaidi, ila bei yake iko juu na zinahitaji chaja yake maalumu.

Swali la pili ni ardhi. Kiti chenye magurudumu makubwa ya kuendesha katikati hugeuka vizuri ndani ya duka finyu, lakini kwenye mashimo magurudumu hayo yanaweza kuning'inia na kiti kikakwama. Chenye magurudumu hayo nyuma hutulia zaidi kwenye safari ndefu, ila kinahitaji nafasi pana ya kugeukia. Vigurudumu vidogo na vyembamba huzama kwenye mchanga na tope. Matairi ya upepo hupunguza mtikisiko na pancha yake huzibwa na fundi baiskeli, ilhali yale magumu hayapati pancha lakini humtikisa mtu. Uzito nao uangaliwe, kwani kiti kikubwa chenye betri mbili huweza kuzidi kilo 100, na hakuna kondakta wa daladala atakayekipandisha.

Kwa mitumba, chaja ikaguliwe kabla ya kulipa. Kiti kilichotumika Marekani kinaweza kuja na chaja ya volti 120 peke yake. Ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania, huungua.

Hata kiti kizuri humdhuru mtu kisiporekebishwa. Upana ulingane na nyonga, na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Sehemu ya kukanyagia ikiwa juu mno, uzito wote huenda kwenye makalio na vidonda huanza, hasa kwa asiyehisi maumivu. Huyo anahitaji mto maalumu na kuondoa uzito makalioni kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Kishikio cha kuendeshea kiwe upande wa mkono wenye nguvu, na mwendo upunguzwe hadi mtumiaji azoee. Kazi hii ifanywe na mtaalamu wa viungo mtumiaji akiwa amekaa kitini, kwa sababu vidonda humtoa mtu sokoni kwa miezi.

Kwa mwenye mikono yenye nguvu na njia ya vumbi ndefu, baiskeli ya magurudumu matatu ya kunyonga kwa mkono inaweza kuwa uamuzi bora kibiashara. Haina betri, hubeba mzigo, na fundi yupo kila kijiji.

Kwa upande wa sera, Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa vya watu wenye ulemavu. Vilevile, mikopo isiyo na riba ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa kundi hili. Hata hivyo, mkopo unaompa mtu mtaji wa kuuza nyanya bila kumwezesha kufika sokoni huwa mgumu kurejesha. Halmashauri na wafadhili wanapogawa viti, bajeti ya betri, vipuri na fundi ipangwe tangu siku ya kwanza. Mnunuzi binafsi naye, kama fedha zake zinatosha kiti tu bila jozi ya pili ya betri, ni heri achague kiti cha bei ndogo zaidi au asubiri.