509 Ni Hesabu ya Nini?

Kila unapozuka ugonjwa mpya, hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba korona haikutugusa. Ushahidi wake ni takwimu: Tanzania ilikuwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Hoja hii husemwa hadi na wasomi, na inakera, maana 509 haikuwa hesabu ya wagonjwa. Ilikuwa hesabu ya watu waliopimwa wakakutwa na virusi, hadi matangazo yalipokatika mapema Mei 2020. Baada ya hapo tarakimu hazikusogea kwa zaidi ya mwaka. Ugonjwa wa kuambukiza hausimami namna hiyo. Kilichosimama ni kuhesabu.

Wenye hoja hiyo wanayo ya kusema. Afrika ni bara la vijana, na korona iliua zaidi wazee. Kutangaza vifo kila jioni kulitia watu hofu, na hofu huua biashara. Sawa. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloigeuza idadi ya waliopimwa wakakutwa na virusi kuwa idadi ya walioambukizwa.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na zikarudi na majibu ya korona. Tuchukulie kwamba maabara ilikosea kweli. Kipimajoto kikiharibika, homa ya mtoto haijashuka. Jibu halali lilikuwa kukiri kwamba hatujui wagonjwa ni wangapi, kisha tupime upya. Wengi wakaondoka pale wakiamini kwamba wagonjwa hawapo.

Nani alijisumbua kutafuta wasiohesabiwa? Kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 katika mochwari ya hospitali kuu ya rufaa mjini Lusaka, Zambia. Maiti 70 zilikutwa na virusi, karibu moja katika kila tano. Kati ya hao 70, watu 51 walifia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Kati ya 19 waliofia hospitalini, waliopimwa walikuwa sita. Ni kweli kwamba kukutwa na virusi si lazima kuwe ndiko kuuawa navyo. Lakini hata hivyo, 64 kati ya hao 70 hawakupata nafasi ya kuingia katika takwimu yoyote. Wangezikwa, na jirani angesema Zambia ni salama.

Kenya ilipima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 kati ya Aprili na Juni mwaka huohuo. Makadirio yakawa kwamba asilimia 4.3 ya Wakenya walishaambukizwa, na Mombasa asilimia 8. Hao ni zaidi ya watu milioni moja, wakati taarifa rasmi mwishoni mwa Mei zilitaja wagonjwa wapatao 2,000.

Kisha huja ile kauli ya mwisho, kwamba akili ya kawaida inatosha: watu wangekufa, tungeona. Tuliona! Machi 2021 Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alisema hadharani kwamba mapadri zaidi ya 25 na watawa 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili wakiwa na matatizo ya kupumua. Nani anathubutu kuiambia familia ya mmoja wa watawa hao kwamba takwimu hazimtambui? Aliyezika alikuwa na akili ya kawaida. Aliyeikosa ni yule aliyezika asubuhi na jioni akanukuu tarakimu.

Mei 2021 kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilishauri serikali itoe takwimu za korona kwa umma. Ushauri huo ulistahili kwenda mbali zaidi: kila idadi ya wagonjwa itangazwe pamoja na idadi ya waliopimwa na mikoa walikopimwa, na mhariri akipewa idadi isiyo na hayo mawili, airudishe.