"He" si Kila Mtu: Sarufi, Jinsia na Wajibu wa Mfasiri

Wapo katika idara zetu wanaoshikilia kwamba kiwakilishi cha Kiingereza "he" humhusu kila mtu, na kwamba atumiaye "they" kwa mtu mmoja anaivuruga sarufi. Dai hili halina mashiko.

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotamka kuwa maneno ya kiume katika sheria zake yawajumuishe wanawake. Mwaka 1868, katika kesi ya Chorlton dhidi ya Lings, wanawake wa Manchester walidai kura kwa hoja kwamba neno "man" katika sheria ya uchaguzi liliwahusu pia. Mahakama iliwakatalia. Kanuni iliyoshindwa kuwalinda wanawake kwa wenye lugha yenyewe, sisi tunaitetea kwa lipi? Isitoshe, "they" ya umoja si uzushi wa leo: ilianza kuandikwa katika karne ya 14, na Shakespeare aliitumia.

Mtoto wa Kanyangi, Kitui, huingia darasani na Kikamba na Kiswahili, lugha ambazo nafsi ya tatu haibainishi jinsia. Akimtaja dada yake kwa "he" hukosolewa, na ni haki. Lakini anapomzungumzia mtu asiyejulikana, mathalani "mwanafunzi yeyote", hulazimishwa kumfanya mwanamume. Ananyang'anywa uwezo aliopewa na lugha yake, ilhali Kiingereza chenyewe kina "they" inayokaribiana sana na kiambishi chake "a-".

Hata hivyo, sisi wa Kiswahili tusijigambe. Kiambishi kisicho na jinsia hakileti usawa chenyewe. Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo.

Tena kosa hutendeka mikononi mwetu. Tunapotafsiri "mganga akanyamaza", aghalabu mganga huyo huwa "he" bila ushahidi wowote wa matini. Mhakiki asiyejua lugha asilia huja akaandika juu ya ubabedume wa jamii ile, kumbe anauhakiki ubabedume wa mfasiri!

Hapana budi, basi, mfasiri aeleze msingi wa kila jinsia aliyoiongeza, na mtahini aache kuikata "they" ya umoja kwa kalamu nyekundu.