Chuo Chako Hakijulikani? Usinunue Nafasi ya Atachimenti

Msimu wa atachimenti ukifika, kuna wanafunzi wa fedha na uhasibu wanaoambiwa watume "ya chai" kwa namba ya mtu ili wawekewe nafasi benki. Tunaona wa vyuo visivyo na jina ndio rahisi kunaswa, kwa sababu barua zao hazijibiwi na muda unayoyoma.

Usitume. Mwajiri wa kweli hakuuzii nafasi, na pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni shida.

Jaribu sacco. SASRA huchapisha kila mwaka orodha ya zile zenye leseni. Anza na iliyo karibu na kwenu. Huko ni rahisi kumpata meneja mwenyewe, si kuacha barua kwa mlinzi.

Na usiende mikono mitupu. Mwombe mwenye duka mtaani taarifa ya tili yake ya miezi mitatu, uilinganishe na daftari la mauzo: ipi iliingia, ipi haikuandikwa, makato yalikula ngapi. (Majina na namba za wateja ficha, tafadhali.) Karatasi hiyo meneja ataielewa haraka kuliko jina la chuo, maana kulinganisha hesabu namna hiyo ndiyo kazi inayomsubiri kila mwisho wa mwezi.