Homa ya Mtoto Mwenye Saratani Haingoji Mapambazuko

Katika vijiji vya Kitale na Bungoma, homa ya mtoto ni jambo la kawaida mno. Mwili ukichemka usiku, mzazi hudhani ni malaria, humpa mtoto tembe za dukani, kisha hungoja kupambazuke. Aghalabu mtoto hupona, na mazoea hayo hukita mizizi. Lakini kwa mtoto anayetibiwa saratani, mazoea hayohayo yaweza kumtia kaburini.

Sababu yake si fumbo. Dawa za saratani huangamiza seli zinazokua upesi, wala hazibagui adui na rafiki. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, nazo huangamia, na kwa kawaida hupungua mno wiki moja au mbili baada ya dozi. Wakati huo homa ya nyuzi 38 yaweza kuwa ishara pekee kwamba vijidudu vimeingia katika damu. Tembe ya kushusha homa huificha ishara hiyo, na saa chache zikipotea, maisha hupotea.

Kuna kinaya hapa. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao leo tunauita saratani ya Burkitt. Saratani hiyo hutokea zaidi penye malaria nyingi, magharibi mwa Kenya ikiwemo. Malaria inayohusishwa na chanzo cha maradhi hayo ndiyo pia inayowapumbaza wazazi homa inapozuka.

Watoto wengi wa eneo hili hutibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, takriban kilomita 70 kutoka Kitale, na mbali zaidi kutoka Bungoma. Baina ya dozi moja na nyingine wao hukaa nyumbani, na wauguzi wao ni mama, baba na nyanya. Hao humsukutuisha mtoto maji ya chumvi vidonda vya kinywa vinapomsumbua, humlisha kidogo kidogo anapotapika, na humpa dawa ya maumivu kwa saa alizoelekeza daktari. Kazi hiyo ni tiba kamili, na yastahili heshima. Homa, hata hivyo, si mzigo wa nyumbani.

Basi yafaa kila familia irudi nyumbani na kipimajoto, pamoja na barua inayoeleza kwamba mtoto yumo katika matibabu ya saratani. Akifikishwa usiku katika hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma, barua hiyo imwondoe katika foleni ili apewe viuavijasumu mara moja, kabla ya kuanza safari ya Eldoret. Kipimajoto na karatasi si gharama ya kuishinda serikali yoyote.

Walimu nao wana sehemu yao. Surua au tetekuwanga ikizuka darasani, mzazi wa mtoto huyo aarifiwe siku hiyohiyo, kwani maradhi hayo ni hatari kubwa kwake. Wanafunzi nao wafunzwe kwamba saratani haiambukizi, wasije wakamtenga mwenzao. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wetu ni usiku mmoja wa kungoja.